Kasri la Okolona

Mama Mkubwa alifariki Buffalo siku ya Alhamisi. Mwanawe Riziki alinipigia simu nikiwa kwenye foleni ya duka hapa Westerville, pembeni mwa Columbus, fungu la mchicha mkononi, akanieleza kwa sauti tulivu ya mtu aliyekwisha kulia peke yake. Nililipa, nikapanga mifuko kwenye gari, nikakaa nyuma ya usukani bila kuwasha injini. Nilitegemea kuuona uso wake. Nilichokiona ni kitanda: kitanda cha mti wa mjozi chenye nguzo nne, na juu ya kila nguzo amechongwa korongo aliyepinda shingo, kimesimama katika nyumba fupi ya matofali kule Okolona, kusini mwa Louisville, mahali ambapo ndege za mizigo hupita chini kiasi cha kutikisa vikombe kabatini. Nimekaa Marekani miaka mingi kuliko niliyokaa kwetu Uvira, Kongo. Nimebadilisha mji, kazi na miwani, na sehemu kubwa ya miaka hiyo siwezi kuutofautisha mmoja na mwingine. Mwaka mmoja tu ndio ninaoweza kuutembea chumba kwa chumba, nao ni ule niliofanya kazi na Mama Mkubwa katika kasri la Waitaliano.

Nikisema kasri watu hucheka, na wana haki. Kasri lenyewe, Roccalvena, liko kwenye vilima vya kaskazini mwa Italia na sijawahi kukanyaga huko. Tulichokuwa nacho Okolona ni tumbo lake. Kontesa Ortensia, binti wa mwisho wa nyumba ile, alimpenda askari wa Kimarekani aliyekuwa katika kambi ya karibu, wakaoana bila ndugu hata mmoja kuhudhuria, akamfuata hadi Kentucky ambako mume alifungua karakana ya matairi. Miaka mingi baadaye kaka yake alipoliuza kasri kwa watu waliolifanya hoteli ya arusi, alimpelekea dada yake urithi wake kwa vitu: kontena zima la vitanda, picha, makasha, mazulia ya ukutani, viti vya ngozi na meza ya kulia chakula ambapo zamani walikaa watu wa ukoo mzima na wageni wao. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu. Meza ilipokataa kupita mlangoni, mume alichukua msumeno akaikata katikati, akaipigilia miguu mipya ya mbao za dukani, akaingiza nusu moja. Nusu nyingine aliifanya meza ya kazi karakanani. "Alinipenda sana," Kontesa alikuwa akisema, "ila alikuwa mtu wa msumeno." Tulipofika sisi mume alikwisha kufa zamani, lakini alama za meno ya msumeno zilikuwa bado pale pembeni mwa meza, na wakati wa kula Kontesa alikuwa na tabia ya kupitisha kidole juu yake.

Mama Mkubwa alipelekwa pale na wakala wa kutunza wazee, akaambiwa wazi kwamba watunzaji waliotangulia hawakumaliza wiki. Mama yule, walisema, anaongea Kiingereza akitaka tu, na mara nyingi hataki. Mama Mkubwa naye Kiingereza chake kilikuwa cha kuulizia basi. Lakini alikuwa amesoma Bukavu kwa masista, na Kontesa alikuwa amesomeshwa na masista wa kwao ambao waliamini msichana wa nyumba kubwa asiyejua Kifaransa ni mzigo kwa wazazi. Siku ya kwanza Mama Mkubwa alisimama mlangoni na mkoba wake, akakosa neno la Kiingereza, akasema bonjour. Kontesa akainua kichwa kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu. Kuanzia saa ile Kiingereza hakikuhitajika tena ndani ya nyumba, na mimi, niliyekuwa na Kiingereza cha shule na Kifaransa cha kuokoteza, nilichukuliwa kuja kusaidia kunyanyua. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Siku za wiki nilikuwa pale. Jumamosi na Jumapili nilikuwa ghalani nikibandika lebo kwenye maboksi.

Kila pembe ya nyumba ile fupi ilikuwa na jina la chumba cha kule. Jikoni paliitwa Ukumbi wa Kisima, kwa sababu jikoni mwa kasri kulikuwa na kisima katikati ya sakafu, ili adui akiwazingira wiki nzima chakula kiendelee kuiva. Sebule ilikuwa Ukumbi Mkubwa: juu ya televisheni liliangikwa zulia la wawindaji na mbwa wakimfukuza paa ambaye kwa karne tatu hawajamkamata. Ujia wa kwenda msalani ulikuwa Ngazi ya Askofu, na askofu mwenyewe alikuwa pale ukutani ndani ya fremu ya dhahabu iliyobanduka, mtu mnene mwenye mikono mizuri. Alipotembelea kasri, ndugu zake walimwandalia chumba cha hariri nyekundu, akalala usiku mmoja, akalalamikia baridi, akaondoka. Chumba kikafungwa kwa heshima yake kwa miaka mingi mpaka panya walipoila hariri yote. Kontesa alituhadithia hayo bila haya. Alizungumza juu ya mababu zake jinsi mtu anavyozungumza juu ya wapangaji wasumbufu waliokwisha kuhama.

Mwanzilishi wa ukoo, kwa mfano, alikuwa askari wa kukodiwa. Aliliteka kasri, akamuua mwenye nyumba, akamwoa mjane wake. Mjane alikubali kwa masharti, na sharti mojawapo lilikuwa kwamba bwana arusi atalala chumba cha walinzi mpaka yeye atakapomwita. Hakumwita kwa muda mrefu. Picha ya mjane huyo ilikaa karibu na jokofu, uso wa mtu mwenye jino bovu, na kila asubuhi Mama Mkubwa akifungua jokofu kutoa maziwa alimsalimia: "Bonjour, mama. Ulimfanyia vizuri." Mwanzoni picha zile zilimtisha, akawa anazifunika kanga wakati wa kupiga deki. Baadaye akazizoea, na baadaye zaidi akaanza kuwagombeza. Nimemsikia akimwambia askofu kwa Kiswahili cha kwetu, "Weye, unaniangalia nini? Njoo ushike na weye brosi."

Chumba nilichowekea mkoba wangu kilikuwa Mnara wa Kusini. Mnara halisi, babu wa babu yake Kontesa alikuwa ameupoteza kwa jirani katika mchezo wa karata. Jirani hakuwa na haja ya kuhamia, alikuwa na nyumba yake nzuri; lakini haki ni haki. Kwa hiyo mara moja kila mwaka, sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, alipita lango kuu la kasri na mkewe na watoto na kikapu cha chakula, akapanda mnarani kwake, wakala mchana, wakatelemka, wakaenda zao. Watoto wake waliendelea hivyo, na wajukuu, mpaka Kontesa alipokuwa msichana. "Tukikutana nao kwenye ngazi," alisema, "walikuwa wanatusalimia kama wenye nyumba." Mama Mkubwa alicheka mpaka akaketi juu ya kasha.

"Kwetu wangekwisha kuuana," alisema.

"Walikwisha kuuana," Kontesa akamjibu. "Hiyo ilikuwa baada ya kuchoka."

Nimelisoma kasri hilo kwa mikono zaidi kuliko kwa masikio. Jumatatu tulipaka nta ya nyuki kwenye mbao, kwa kitambaa cha sufu, kufuata mkondo wa mti, kamwe si kwa mviringo. Mwanzo wa kila majira tulifungua makasha na kubadilisha majani makavu ya mti wa bay yaliyozuia nondo, tukatandaza mapazia mazito juu ya uzio wa nyuma, na jirani wa upande wa pili, mzee mwenye kofia ya besiboli, akawa anatuangalia toka barazani kwake bila kusema neno. Hakuwahi kusema neno. Hakuna jirani aliyewahi kuingia ndani. Walimwita Kontesa yule bibi mgeni, ingawa alikuwa amekaa mtaani kabla ya wengi wao kuzaliwa. Wakikutana kwenye sanduku la barua walipunga mkono, basi. Hawakuwa watu wabaya. Theluji ikianguka mtu asiyejulikana alikuwa akitusafishia njia na kwenda zake kabla hatujafungua mlango.

Chakula kilikuwa tatizo kwa muda wa siku mbili. Mama Mkubwa alijaribu makaroni, Kontesa akayasukuma kando kwa uma mmoja. Siku ya tatu tulisonga bugali wetu wenyewe kwa unga wa mahindi, na maharage, na ndakala, dagaa wa kwetu, wa kukaanga ambao harufu yao iliingia kwenye lile zulia la wawindaji na sidhani kama imetoka hadi leo. Tulikuwa tunakula jikoni kimyakimya kama wezi. Kontesa akajisukuma na magurudumu yake mpaka mlangoni, akanusa, akauliza kwa nini amefichwa polenta, ugali wa kwao. Akatengewa kwenye sahani yenye korongo. Alikula kwa mkono, akitazama jinsi Mama Mkubwa anavyobonyeza tonge kwa kidole gumba, na alipomaliza alisema wapishi wa Roccalvena walikuwa wakiila hiyo hiyo, kwenye Ukumbi wa Kisima, na yeye mtoto alikuwa anatoroka mezani kwa baba yake kwenda kula nao. Tangu siku hiyo tulikula watatu kwenye nusu ya meza, na sijakula tena mahali ambapo watu walikaa wima namna ile.

Jumapili jioni nilipotoka ghalani nilipita kuchukua nguo zao za kufua, na ndipo nilipokuwa nasikia simu ya Lucia. Lucia ni mtoto wa pekee wa Kontesa, alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika shule moja Buffalo, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mzuri. Mama aliongea Kitaliano, mtoto alijibu Kiingereza, jambo ambalo lilimfurahisha Mama Mkubwa kwa namna fulani, maana Riziki alikwisha kuanza hivyo hivyo nyumbani. Habari ilikuwa ile ile kila mara. Lucia alitaka mama yake ahamie Buffalo, kwenye makao ya wazee yaliyo karibu naye. Kontesa alitaka kufia kitandani mwake. "Na vitu vyote hivyo, Mama?" Lucia alikuwa akisema. "Mimi nakaa kwenye nyumba ya kupanga. Siku hiyo ikifika, nitafanyaje? Nitaita watu wa kuondoa vitu, wamalize kwa siku moja." Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa uchovu, na alikuwa anasema kweli. Kontesa alirudisha simu mahali pake, akakaa akiangalia dirisha. Kwenye kona ya chini ya kioo kulikuwa na herufi O ndogo, imekwaruzwa. Kule kwao kulikuwa na Chumba cha Mabibi Arusi ambamo kila mwanamke aliyeolewa na mtu wa nyumba ile, au aliyetoka pale kwenda kuolewa, aliandika herufi yake kwenye dirisha kwa almasi ya pete. Yeye hakuandika, kwa kuwa aliondoka bila baraka. Aliandika huku, kwenye kioo cha Okolona, akiwa mtu mzima.

Ilikuwa baada ya simu mojawapo ya hizo ndipo alipotueleza kifo cha babu yake. Nilikuwa nakunja mashuka. Alisema kwamba mkuu wa Roccalvena akifa, malango yalifunguliwa siku moja nzima na mtu yeyote aliruhusiwa kuingia na kutembea ndani yote: mkulima, mchinja nyama, mwenye kesi na familia, adui. Walipita na viatu vyao vya matope kwenye vyumba ambavyo maisha yao yote walikuwa wakiviona kwa nje, wakafika hadi kitandani, wakasali au hawakusali, wakatoka na kitu kidogo mkononi, kipande cha mkate au mshumaa. Yeye akiwa mtoto alisimama kwenye ngazi na kumwona mwanamke mmoja wa shamba akifuta mkono kwenye sketi yake, kisha akaugusa pazia, taratibu, akafurahi. "Kwetu hiyo ndiyo ilikuwa mazishi. Kanisa lilikuwa desturi tu. Nyumba ambayo watu hawakupita ndani yake, mtu wake hakufa, amepotea tu." Akageuka akatuangalia. "Hapa nani atapita?"

Mimi nilikunja shuka lililokwisha kukunjwa. Mama Mkubwa alimwambia kwamba kwetu pia watu huja. Tunatoa viti vyote nje, wanawake wanakaa chini ndani, wanaume wanakaa nje, na hakuna anayealikwa. "Ninyi mko wengi," Kontesa alisema. "Mimi niko na mama mwenye jino bovu na askofu." Alisema kwa mzaha, lakini kwa mara ya kwanza nilimwona anaogopa. Kufa hakukumsumbua. Aliogopa kwamba siku hiyo watakuja watu wawili wa kampuni wenye glavu, wapakie Roccalvena kwenye lori, na mtaa mzima usijue kwamba kulikuwa na mtu.

"Tutaona," Mama Mkubwa alisema. Ndivyo alivyokuwa akijibu kila jambo ambalo alikuwa bado hajaliamua. Alikuwa mtu wa maneno machache yenye kufunga. Jumamosi, kwa mfano, nikirudi kutoka ghalani nilikuta nyumbani kwetu kitu kipya ambacho asubuhi hakikuwepo, sufuria, pasi, koti la Riziki, siku moja baiskeli, nikiuliza alisema, "Mungu anatoa." Nilidhani ni kanisa. Sikuwa na muda wa kuchunguza kazi za Mungu.

Kontesa alifariki mwezi wa nne, Ijumaa asubuhi, kitandani mwake, Mama Mkubwa akimshika mguu. Nililia kidogo, tukamwosha kabla watu wa mazishi hawajaja kumchukua. Nilimpigia Lucia. Alisema ataanza safari alfajiri, tukae ndani ya nyumba tuangalie vitu. Toka Buffalo mpaka Louisville ni mchana mzima barabarani. Mama Mkubwa hakungoja mchana wowote. Alipiga simu kwa mama mchungaji, na Jumamosi asubuhi wanawake wa kanisa letu walianza kuteremka kwenye basi na kwenye magari, vitenge vimefungwa viunoni, na sufuria. Mama Mkubwa alikuwa amesimama katikati ya Ukumbi Mkubwa bila viatu.

"Bamama, mutoe bintu byote inje," aliwaambia. "Mu salon kusibakie ata kiti moja. Ile lizulia, mwache. Bon, muende polepole, hii ni bintu bya wakubwa."

Wakatoa. Mimi nilitumwa dukani pamoja na mama mchungaji kununua unga na maji ya kunywa, na tulikawia kwenye foleni. Tuliporudi, nyasi za mbele ya nyumba zilikuwa zimejaa Roccalvena. Viti vya ngozi vilipangwa chini ya kibanda cha gari na wanaume wetu walikuwa wamevikalia, mashati meupe, wakiongea siasa za kwetu kwa sauti ya msiba. Makasha yalikuwa kwenye nyasi. Nusu ya meza ilikuwa karibu na sanduku la barua. Mama mwenye jino bovu alikuwa ameegemezwa kwenye mti, jua likimwangaza usoni labda kwa mara ya kwanza toka achorwe. Kando ya barabara yalikuwa yamesimama magari ambayo hayakuwa yetu, na watu ambao hawakuwa wetu walikuwa wanatembea kati ya vitu, wakiinama, wakigonga mbao kwa kidole.

Mwanamume mwenye suruali ya kazi alinifuata akaniuliza kitanda ni bei gani.

Hapo nikaelewa. Jumamosi mtaani Okolona, ukiweka vitu vyako kwenye nyasi, umetangaza yadi seli, kila mtu anajua hivyo. Wenyeji hutoa nje vitu wasivyovitaka tena, na wapitao husimamisha magari na kununua. Sisi tulikuwa tumetoa vitu kwa ajili ya kulia. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: mzee wa kofia ya besiboli, yule jirani aliyekuwa hasemi, alikuwa ameshika kinara cha shaba mkono mmoja na noti mkono wa pili, na Mama Mkubwa alikuwa mbele yake, amepokea noti kwa mikono miwili kama rambirambi, anatikisa kichwa, machozi yanamtoka. "God bless," alimwambia, Kiingereza chake chote. Aliitumbukiza noti kwenye beseni lililofunikwa kitambaa. Kisha akamshika mzee mkono akamwingiza ndani. Niliwafuata. Alimpitisha kwenye ukumbi, kati ya wanawake walioketi mikekani wakiimba, akampitisha jikoni, akampitisha kwenye Ngazi ya Askofu mpaka chumbani, akamsimamisha mbele ya kitanda. Mzee akavua kofia. Walisimama hapo kidogo, akamtoa kwa mlango wa nyuma na kinara chake. Alifanya hivyo kwa kila mtu. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alitaka kioo tu, akasema ana haraka. Mama Mkubwa alimshika mkono vilevile, akaenda naye, na alipotoka hakuwa tena na haraka. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kinachoendelea. Niliona amefurahi katika msiba wake na nikaona aibu kwa niaba yake, na hofu, kwa sababu vitu vilikuwa vinaondoka na Lucia, mwenye vitu, yuko njiani.

Lucia alikuwa amepiga simu toka Columbus, alikosimama kuweka mafuta. Mimi leo naishi katikati ya safari yake ile. Alifika alasiri. Alishuka garini na kubaki ameshika mlango. Mbele yake mwanamume alikuwa anampakia askofu kwenye gari lake la mizigo, amemfunga kwa blanketi. Mama Mkubwa alimwona, akamkimbilia miguu mitupu, akamkumbatia, akalia kwa sauti ya kwetu ambayo Lucia alikuwa hajawahi kuisikia, akamvuta ndani, akamketisha chini mkekani kati ya akina mama. Ukumbi ulikuwa mtupu. Pale zilipokuwa zimesimama samani miaka yote zulia la chini lilikuwa na vishimo vya miguu yake. Watu walikuwa wanapita: mtaa mzima ulikuwa unapita, kwa viatu.

Niliketi kando ya Lucia. Aliniuliza kwa Kiingereza, "Hawa watu wote ni nani?"

"Majirani," nikamwambia. Kisha nikamwambia yote, karibu na sikio lake: kwamba wanadhani ni yadi seli, kwamba Mama Mkubwa hajui, kwamba anadhani wamekuja kutoa pole, na kwamba nikitaka naweza kusimama sasa hivi nikazuia. Mwanamke mmoja wa mtaani alikuwa amesimama mbele ya lile zulia la wawindaji. Alipangusa kiganja kwenye suruali yake, akaligusa. Lucia alimwangalia kwa muda. Nilijua alikuwa amehadithiwa habari ya yule mwanamke wa shamba aliyegusa pazia, maana uso wake ulibadilika wote mara moja. Alianza kucheka, kicheko kikawa kilio, na akina mama wakasogea wakamshika, wakidhani ndipo msiba umemwingia, na nadhani hawakukosea.

"Usimwambie," alisema alipoweza kusema. "Kamwe."

Sikumwambia. Kitanda kilibaki kwa kuwa hakipiti mlangoni mpaka kifunguliwe. Lucia alichukua nguzo zake tu. Fedha za beseni zilikwenda kwenye kaburi na chakula. Watu husema kifo cha wengi ni arusi, na siku ile ilikuwa na kitu cha arusi kweli, pamoja na kwamba nusu ya waliohudhuria hawakujua wamehudhuria nini. Baadaye Riziki alipata kazi Buffalo, Mama Mkubwa akamfuata, Lucia akamtafutia nyumba ya kupanga mitaa miwili kutoka kwake, na kwa miaka yote hiyo walikula pamoja Jumapili. Mimi nilihamia Columbus, nikaolewa, nikazaa. Niliibeba siri ile kwa uaminifu, na nilijisifu nayo kidogo moyoni: kwamba mimi na Lucia tulimlinda Mama Mkubwa asijue kosa lake.

Jumamosi, siku mbili baada ya simu ya Riziki, nilifika Buffalo kabla ya saa sita. Mama Mkubwa alikuwa akiishi ghorofa ya chini ya nyumba ya mbao yenye baraza mbele. Riziki alikuwa amekodi viti vya kukunja na kuvipanga kwa mistari, sofa liko mahali pake, televisheni inaonyesha picha za marehemu. Vijana walisimama wima na simu zao, wakijibu wazee kwa Kiingereza. Nilimkuta Lucia barazani, mzee sasa, nywele fupi nyeupe, mabega bado ya mwalimu wa mazoezi. Tulikumbatiana. Nikamwambia, angalau tulitunza siri.

Aliniangalia kana kwamba mimi ndiye mtoto pale, akaniita kwa jina. "Faida, alijua."

"Alijua nini?"

"Yote. Aliniambia mwaka wa kwanza alipohamia huku, tukiwa mezani. Aliniuliza kama wewe bado unadhani sufuria zake zilishuka kutoka mbinguni. Kila Jumamosi uliyokuwa ghalani alikuwa kwenye yadi seli na mama mchungaji. Aliijua mitaa yote ya South End ya Louisville." Lucia alifuta macho kwa kiganja. "Aliniambia, watu wa hapa hawaingii nyumba ya msiba bila kualikwa, wanaogopa. Lakini toa kiti nje siku ya Jumamosi, watakuja hata wasiokujua. Alisema: kwa hiyo nilitoa kiti. Na aliniomba radhi kwa ajili ya askofu."

Sikuwa nimelia dukani, wala garini, wala njia yote ya kandokando ya ziwa. Nililia hapo, kwa sauti, na nilimlilia Mama Mkubwa kweli, yule aliyekuwa anashika mikono ya watu wageni na kuwapitisha mmoja mmoja mpaka kitandani, akijua kila kitu, na ambaye mimi kwa miaka yote nilimwonea huruma.

Lucia aliingia ndani. Nilimkuta ameshika upande mmoja wa sofa.

"Yaya, mumwambie aache," Riziki alininong'oneza mimi, dada yake mkubwa. "Hapa haiko Uvira. Mwenye nyumba atasema. Tena kuko baridi."

"Shika ule upande," Lucia aliniambia.

Tulilitoa mlangoni kwa kulipindua, tukalishusha ngazi za baraza, tukaliweka kwenye nyasi karibu na njia ya watu. Tulirudi kuchukua kiti cha Mama Mkubwa, na meza ndogo, na sufuria zake zote. Nyuma yetu akina mama walikuwa wameshaanza kukunja viti vya kukodi na kuvua viatu. Gari moja lililokuwa linapita likapunguza mwendo. Dereva, mwanamume wa makamo asiyetujua, aliteremsha kioo akauliza sofa ni bei gani. Riziki alifungua mdomo, lakini Lucia alikwisha kufika ukingoni mwa barabara, mkono ameunyosha.

"Ingia ndani kwanza," alimwambia.

Mtu yule akazima gari.